Shajara ya mradi: daftari la kikundi kuingia Excel

Machi 2024, wiki ya pili

Mkufunzi wetu wa matumizi ya kompyuta ametoa sharti moja muhula huu: kila mwanachuo awe na kazi ya kweli, ya watu wa kweli, aifanye kwa kompyuta hadi mwisho. Amechoka na barua za kuomba kazi kwenye kampuni za kubuni na majedwali ya alama za wanafunzi wasiokuwepo. Na kila mmoja aandike shajara. Hii ndiyo yangu.

Nasoma stashahada ya maendeleo ya jamii hapa Iringa, mwaka wa kwanza. Simu naiweza vizuri: kutuma pesa, kupiga picha na kuikata, hata kujaza fomu ya maombi ya chuo niliijaza kwa simu. Kompyuta nilikuwa naiona steshenari na kwenye meza ya mkuu wa shule. Darasani wengi tuko hivyo, ila ukiuliza nani hajawahi kushika kompyuta hakuna anayenyoosha mkono.

Kazi niliyochagua iko nyumbani, Ilula. Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, wengi wao wakulima na wauza nyanya wa kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Wapo ishirini na wanane, na hukutana kila Jumatano jioni. Taratibu zao ni zile zile za vikundi vingi vya aina hii: sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, na kikaoni mtu anaitwa kwa namba, si kwa jina. "Namba kumi na tisa, hisa ngapi?" "Mbili." Hisa moja ni shilingi 5,000, na kwa kikao mtu ananunua moja hadi tatu. Kuna mfuko wa jamii pembeni, wa misiba na magonjwa. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Desemba wanavunja, wanagawana, wanaanza upya. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini na shirika la CARE, kisha ukasambaa Afrika yote, na ulibuniwa mahususi kwa watu wanaoandika kidogo. Ndiyo maana unasimama kwenye macho na masikio ya waliohudhuria.

Sasa kwa nini waingie kwenye kompyuta? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama hiki viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Chao kimesajiliwa. Halafu kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka jana na sasa inasemwa itarudi. Akina mama wanataka ikirudi iwakute na hesabu zinazosomeka. Mwandiko wa Mama Katibu ni mzuri, lakini kauntabuku lenyewe limeshaloa chai na mvua.

Machi, mwishoni

Wiki hizi ni za vidole. Maabara ina mashine chache, tunakaa watatu watatu, na mmoja ndiye anayeshika mausi. Kwa kizazi cha simu mausi ni kitu kigeni kweli: jirani yangu aligusa skrini kwa kidole, akaitelezesha kama anavyofanya kwenye WhatsApp, na alishangaa kioo hakisogei. Kubofya mara mbili nako kuna mwendo wake, ukichelewa kidogo jina la faili linafunguka badala ya faili.

Kibodi ina vinundu viwili vidogo, kwenye F na J, ili vidole vya shahada vijue nyumbani bila kutazama. Mpangilio wa herufi ni ule wa mashine za chapa za miaka ya 1870, za Christopher Sholes wa Milwaukee, na Sholes hakuwa anaandika Kiswahili. A wameipa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Andika "mwanachama amelipa faida": herufi 22, nane kati yake ni A. Baada ya nusu saa kidole hicho kinawaka moto, huku Q na X zikikaa tu bila kazi. Mkufunzi anasema nisikubali kishawishi cha kutumia kidole kingine. Nakubali nusu.

Kwenye Word kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu. Nimeonyeshwa pa kuuzimia.

Aprili

Mama amenitumia flashi kwa kondakta wa basi. Ndani kuna faili la Excel, programu ya majedwali ya hesabu: mwaka jana kikundi kililipa duka moja la steshenari liwachapie daftari. Kwa macho faili linapendeza. Lina kichwa cha habari chenye rangi, mistari minene, namba za wanachama, na kila kiasi kimeandikwa kama daftari lilivyo: 5,000/= 10,000/= 15,000/=. Sehemu ya jumla imeachwa tupu, inaelekea aliyechapa alijumlisha kwa kikokotoo akakusudia kurudi.

Nikaweka fomula ya kwanza tuliyofundishwa, =SUM, nikaburuta kuanzia mwanachama wa kwanza hadi wa mwisho, nikabonyeza Enter. Jibu: 0.

Watatu tuliokuwa kwenye mashine tulitazamana. Akina mama ishirini na wanane, mwaka mzima, sifuri. Mwenzangu mmoja akasema labda mashine ina virusi. Mkufunzi alikuja, hakugusa kitu, akauliza swali moja tu: "Hizo namba zimeegemea upande gani?" Kushoto. "Andikeni 5000 kwenye seli tupu." Tukaandika kwenye kisanduku kitupu, ikakimbilia kulia. Basi. Excel ikiona namba inaiegemeza kulia, ikiona maneno inayaegemeza kushoto. Ile alama ya /= tunayoiandika tangu darasa la kwanza, kwenye risiti, kwenye ubao wa bei, kwenye kadi ya mchango wa harusi, kwa Excel inaifanya 5,000/= kuwa neno, sawa na "nyanya". Na SUM haijumlishi maneno. Hailalamiki wala haikuonyi, inayaruka tu.

Dawa yake ni Ctrl na H: tafuta /=, badilisha kwa kitu tupu. Safu nzima ikahama kulia kwa mpigo, jambo lililotufurahisha kupita kiasi. Zikabaki seli chache zenye ukaidi, bado kushoto. Tulizikuza: 5,0oo. Aliyechapa alitumia herufi O badala ya sifuri, pengine kwa mazoea ya mashine za zamani, pengine kwa haraka. Hizo tulizisahihisha kwa mkono.

Na /= haikupotea. Kuna mahali kwenye mpangilio wa seli unaandika #,##0"/=" na Excel inaionyesha 5,000/= huku ndani imeshika 5000 tupu. Kinachoonekana ni kimoja na kilichoshikwa ni kingine. Naliandika hili hapa kwa sababu nadhani ndilo somo lenyewe. Vitufe vyote vilivyobaki mtu atavizoea tu.

Aprili, wiki ya mwisho

Fupi. Umeme unakatika mchana, na mashine za maabara hazina betri ya kuzishikilia. Mkono wangu wa kushoto umejifunza Ctrl na S kila baada ya mstari, bila kuagizwa.

Flashi imerudi kutoka kuprinti mjini, mafolda yote yamegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo. Huyu ni yule mdudu wa steshenari anayejulikana na kila mwanachuo. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa. Mkufunzi alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika attrib -h -r -s /s /d kwa herufi ya flashi, yakarudi yote. Tangu leo nikienda kuprinti nabeba PDF peke yake, kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

Na majina nimeyatoa kwenye faili, nimebaki na namba za wanachama. Maabara ni ya wote, na nani anadaiwa kiasi gani si habari ya kuachwa kwenye mashine ya chuo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, Ilula ni ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo tarakimu nitakazoandika humu kuanzia sasa ni za mfano.

Mei

Leo mkufunzi alitusimulia habari ya Dan Bricklin. Alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, anamtazama mwalimu akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Mwalimu akigundua namba moja imekosewa ilibidi afute na kuandika upya kila kilichoitegemea. Bricklin akawaza ubao ambao ukibadilisha namba moja nyingine zinajirekebisha. Yeye na Bob Frankston wakatoa programu ya majedwali, VisiCalc, mwaka 1979. Nilipoisikia nilimwona Mama Katibu na ufutio wake, jinsi anavyopuliza makombo kutoka kwenye kauntabuku na kuanza tena kujumlisha kuanzia juu.

Tumefika kwenye fomula zinazoburutwa. Ukiandika =C5*F2 kisha ukaiburuta chini, mstari unaofuata unakuwa =C6*F3, na F3 haina kitu. Ukitaka F2 isitikisike unaifunga kwa alama ya dola: =C5*$F$2. Bei ya hisa nimeiweka F2, peke yake, na kila kitu kinaichukua hapo. Mwakani wakipandisha hisa nitabadilisha seli moja.

Mchezo wa darasa wiki hii: Ctrl na mshale wa chini, unatua mstari wa 1,048,576. Kikundi kinatumia thelathini.

Juni, nyumbani Ilula

Nimekuja nilione kauntabuku lenyewe kwa macho, kwa sababu safu ya riba imenishinda nikiwa chuoni.

Katiba ya kikundi inasema: riba ni asilimia 5 kwa mwezi, mkopo unarejeshwa kwa miezi mitatu. Nilidhani hiyo ni fomula tayari. Chukua mkopo wa 300,000, marejesho ya 100,000 kila mwezi. Nikatafuta daftarini watu watatu waliokopa kiasi kinacholingana. Wa kwanza alilipa riba ya 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000: jumla 30,000. Wa pili 15,000, 15,000, 5,000: jumla 35,000. Wa tatu 15,000 mara tatu: 45,000. Katiba ni moja na mkopo ni mmoja, riba ni tatu. Chuoni nilikuwa nimehangaika na jambo hilo jioni nzima, mwenzangu akishauri nichague moja niendelee.

Nikamfuata Mama Katibu. Alikuwa uani anachagua nyanya, nzuri kwenye tenga, zilizobonyea kwenye ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Umekuja na mashine?"

Nikamweleza. Hakuacha kuchagua. "Anayelipa kwa wakati tunamhesabia kilichobaki. Anayechelewa, mwezi huo tunamhesabia chote alichokopa. Kila mtu anajua."

"Mbona haipo kwenye katiba?"

"Katiba ilitoka kwenye semina. Hii ni yetu."

Nikamwomba tupitie daftari pamoja, mstari kwa mstari, na kweli kila hesabu yake ilikaa sawa. Yule wa pili alichelewa mwezi mmoja, wa tatu yote mitatu. Nilitaka kujua kachelewa kwa siku ngapi ndipo ahesabiwe amechelewa. Hapo akasimama kidogo. "Inategemea." Na msiba? "Aliyefiwa hachelewi. Mashine yako inajua nani amefiwa?"

Haijui. Nimeongeza safu inayoitwa Msamaha, ya kuandikwa kwa mkono, na jina la aliyetoa msamaha litakuwa la kikao chenyewe, siyo la katibu peke yake. Hilo la mwisho alilikubali baada ya kulitafuna sana.

Usiku nikiwa na kompyuta mpakato ya kuazima niliandika fomula ya kwanza yenye akili kidogo. B ni mkopo, C tarehe ya mwisho, D tarehe aliyolipa, E salio: =IF(D5<=C5,E5*5%,B5*5%). Kwa maneno: akilipa kabla ya tarehe kupita, chukua asilimia 5 ya kilichobaki, la sivyo chukua asilimia 5 ya chote. Ni sentensi ile ile ya Mama Katibu, uani, mkono kwenye nyanya. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na nafasi ya kusema "inategemea", na IF haina nafasi hiyo. Inadai umwambie mpaka uko wapi. Najua wapo watakaosema huu ndio ubaya wa kompyuta, inakaza kilichokuwa kimelegea kwa busara. Mimi nimeona mwanachama aliyelipa 45,000 bila kuwahi kuambiwa kwa nini jirani yake alilipa 30,000. Nafasi ya "inategemea" inampendelea aliye karibu na katibu, hata katibu akiwa mwaminifu kama huyu.

Julai mwanzoni

Nimeingiza vikao vya Juni. Mwezi ule ulikuwa na Jumatano nne: 5/6, 12/6, 19/6 na 26/6. Nikapanga kwa tarehe. Tarehe 5 Juni ikaenda Mei, tarehe 12 Juni ikaenda Desemba, na nyingine mbili zikabaki chini, zimeegemea kushoto.

Somo la Aprili likafanya kazi: kushoto maana yake ni neno. Mashine ile imepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Kwa hiyo 5/6 ni Mei 6 na 12/6 ni Desemba 6. Mwezi wa 19 haupo, kwa hiyo 19/6 inaachwa kama maandishi. Hatari iko kwenye zile mbili za kwanza, kwa sababu zinaonekana nzima na zimeegemea kulia kama kawaida. Fomula ya riba ingesema yule aliyelipa tarehe 12 Juni alilipa Desemba, amechelewa nusu mwaka, na kumtoza chote. Nimebadilisha mpangilio wa eneo kwenye mashine, na sasa naandika mwezi kwa jina, 5-Jun-2024, isiwezekane kusomwa vingine kokote faili litakapofunguliwa.

Ukiivua tarehe mavazi yake unakuta namba. Tarehe 5 Juni 2024 ni 45448, Excel inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900. Ndiyo maana alama ya <= inaweza kulinganisha tarehe mbili, na ndiyo maana unaweza kuongeza siku kwa kujumlisha tu. Sikujua nitalihitaji hilo kabla ya mwezi kuisha.

Julai, kikao cha Jumatano

Mwenyekiti alinipa nafasi baada ya hisa na kabla ya mikopo. "Kamwene," nikasalimia, wakacheka kwa matamshi yangu ya mjini, wakaitikia. Sikubeba kompyuta. Niliprinti karatasi moja yenye ile mifano mitatu, bila namba za watu, 30,000, 35,000, 45,000, nikaipitisha.

Karatasi ilizunguka kimya kwa muda, kisha maneno yakaja yote kwa pamoja. Wengine walidhani kila mtu hulipa 45,000. Wengine hawakujua kuwa kuchelewa mwezi mmoja hakuharibu miezi mingine. Namba kumi na tisa alisema neno ambalo kwenye Excel halikuwa na seli: mvua ilipokata njia ya shambani, nyanya zake zilioza kwenye matenga zikisubiri gari, bei ilipopanda hakuwa na kitu, akachelewa kikao kimoja na akatozwa sawa na aliyetoroka mwezi mzima. "Mimi sikukataa kulipa. Nilikuwa nasubiri gari." Mwingine akajibu kuwa yeye siku hiyo hiyo alikopa kwa shemeji yake alipe kwa wakati. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo hakuna fomula.

Walibishana mpaka taa ikawashwa. Mama Katibu hakujitetea. Alisoma kanuni yake kwa sauti, kama alivyoniambia uani, akauliza kama kuna mtu amewahi kuhesabiwa vingine. Hakuna. Mwishowe wakaamua: mtu akichelewa kikao kimoja ahesabiwe kilichobaki kama kawaida, alipe faini ndogo tu ya kuchelewa. Kuanzia kikao cha pili, chote. Aliyefiwa au kulazwa, kikao kinatamka msamaha. Iandikwe kwenye katiba, watie saini na dole gumba.

Kwangu mimi uamuzi wa jioni ile nzima uliingia kwa herufi mbili: =IF(D5<=C5+7,E5*5%,B5*5%).

Mama alinionyesha kitu kingine tukirudi. Siku hizi watu wananiuliza "mashine inasemaje", na anaona si neno zuri. Ni kweli. Mashine inasema walichokiamua wao Jumatano. Kwa hiyo tumekubaliana: kauntabuku linabaki mezani, pesa zinahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa humo kwanza, kwa kalamu. Excel inajazwa baada ya kikao, na kila mwezi karatasi moja inaprintiwa ilinganishwe na daftari. Zikitofautiana, daftari ndilo linalosadikiwa hadi sababu ipatikane.

Agosti

Mgawanyo wa majaribio, ili Desemba isitukute na maswali. Tarakimu za mfano: hisa zote 2,460, pesa zote sandukuni pamoja na riba na faini 14,382,150. Gawanya, Excel inaonyesha kila hisa ni 5,846. Mwenye hisa 88 anapata 514,483.

Mama Katibu alikuwa pembeni yangu na kikokotoo cha simu yake ya kitochi. Akapiga 88 mara 5,846. "Laki tano kumi na nne elfu mia nne arobaini na nane." Akanitazama. "Shilingi thelathini na tano zimetoka wapi?"

Zimetoka mahali pale pale pa Aprili, kinachoonekana na kilichoshikwa. Seli inaonyesha 5,846 kwa sababu niliiambia isionyeshe desimali, lakini inazidisha kwa 5,846.402439. Nilimfungulia desimali azione. Alizitazama zile tarakimu zote baada ya nukta kama mtu anayetazama chenji asiyoiomba, akasema thelathini na tano hizo hakuna atakayezitoa.

Yeye hufanyaje? Hushusha. Thamani ya hisa anaishusha hadi kumi kamili, 5,840, na kinachobaki kinaenda mfuko wa jamii. Kwenye Excel ni =ROUNDDOWN(F3/F4,-1), F3 sasa ikiwa pesa zote na F4 hisa zote, na masalio ni 15,750. Alikuwa na njia hiyo miaka yote, nayo pia haikuandikwa popote. Mwenyekiti ameipangia kikao kijacho pamoja na zile nyingine, iende kwa mkupuo mmoja kwenye katiba.

Mtihani wa chuo ulikuwa wa kuchapa barua na kutengeneza jedwali la safu nne. Hakuna aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, kundini kwetu. Mkufunzi amepokea faili, amerudisha na alama ya kuuliza moja, kwenye safu ya Msamaha: nani anaifungua na nani anaifunga? Jibu sina bado. Nimeilinda kwa nywila, nywila nimeigawa vipande vitatu, na vipande hivyo wanavyo washika funguo wale wale wa sanduku. Hilo ni wazo la namba kumi na tisa, tena alilitoa akicheka. Mkufunzi anasema ulinzi wa shiti la Excel unavunjika kirahisi na nisiutegemee, lakini wao wameupenda, na Jumatano zote tatu zilizopita umefanya kazi.

Yaliyobaki kabla ya Desemba: kumfundisha binti wa namba saba, aliyemaliza kidato cha nne na anakaa Ilula siku zote, maana mimi nitakuwa mafunzo kwa vitendo. Kujaribu faili lile lile kwenye simu. Ukurasa wa faini, ambao kwenye kauntabuku una vifupisho vinavyosomwa na Mama Katibu peke yake. Tunaanza nao Jumamosi, yeye anasoma, binti anachapa, mimi nakaa pembeni.